Ajali Ina Kinga

Msomaji, ipo methali moja uliyoisikia tangu utoto wako, na yamkini umeitamka mwenyewe mara nyingi: Ajali haina kinga. Husemwa matangani, husemwa kando ya barabara watu walipolizunguka gari lililopinduka, husemwa na dereva aliyenusurika na abiria aliyefiwa. Ikisha kusemwa, vichwa huinama, mazungumzo hukoma, na kila mtu hushika njia yake kana kwamba hukumu ya mwisho imekwisha kutolewa. Nakusudia kuipinga hukumu hiyo. Siwadharau wahenga, nawaheshimu. Lakini nasema kwamba methali yao imeondolewa mahali pake ikapelekwa mahali pasipo pake, na huko ilikopelekwa inaua watu.

Neno ajali lilitujia kutoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekwa, yaani mwisho wa siku za mtu. Wahenga waliposema kuwa ajali haina kinga walikuwa na maana kwamba kila aliyezaliwa atakufa, na hapana ngome wala dawa ya kuizuia saa hiyo ifikapo. Hilo ni kweli, wala hapana abishaye. Baadaye neno lilelile likatumiwa kwa mgongano wa magari, kuzama kwa vyombo na kuanguka kwa watu. Jina likawa moja, mambo yakawa mawili, na hapo ndipo udanganyifu ulipopata mlango wa kuingilia. Mauti hayana kinga. Mgongano wa magari unayo. Mwisho wa maisha haumo katika hesabu za binadamu. Mwendo wa gari umo, na mwanafunzi yeyote wa sekondari mwenye penseli na kipande cha karatasi aweza kuupiga hesabu.

Hesabu hiyo ndiyo nitakayokuonyesha. Ni fupi, wala haina fumbo. Nakuomba uifuate mpaka mwisho wake, kwa sababu siku moja maisha yako yataitegemea, kama hayajaanza kuitegemea tayari.

Katika maongezi ya kila siku kazi ni jina la shughuli yoyote imchoshayo mtu. Katika fizikia maana yake ni finyu zaidi. Kazi hufanyika kani inapokisogeza kitu, na kipimo chake ni kani mara umbali. Mchukuzi wa mkokoteni katika soko la Kibuye, mjini Kisumu, akisukuma mzigo wake kwa kani ya nyutoni 200 kwa umbali wa mita 50, amefanya kazi ya jouli 10,000. Akiusukuma ukuta wa soko mpaka jasho likamtiririka, na ukuta usisogee, hakuufanyia ukuta huo kazi hata ya jouli moja.

Mkokoteni uliokuwa umesimama sasa unakwenda. Kazi aliyoifanya mchukuzi imekwenda wapi? Sehemu yake imeliwa na msuguano wa magurudumu. Iliyobaki imo ndani ya mkokoteni wenyewe, nayo huitwa nishati ya mwendo. Ni kama deni. Mkokoteni hauwezi kusimama mpaka nishati hiyo ilipwe yote: ama kwa mikono ya mchukuzi anayeuvuta nyuma, ama kwa msuguano wa barabara, ama kwa miguu ya mtu aliyesimama mbele yake. Kanuni yenyewe yasema hivi: jumla ya kazi iliyofanywa juu ya kitu ni sawa na badiliko la nishati yake ya mwendo. Kani ikisaidia mwendo, nishati huongezeka. Kani ikiupinga mwendo, nishati hupungua. Hapana msamaha katika daftari hili, na hapana jouli inayosahauliwa.

Watu wa ziwani huijua kanuni hii hata kama hawakuiandika. Mvuvi arejeaye ufukoni Dunga huacha kupiga kasia mapema, akayaachia maji yaimalize nishati ya mtumbwi kidogo kidogo kabla haujafika kwenye mawe. Nahodha wa meli hufanya vivyo hivyo. MV Uhuru, meli ya kuchukua mabehewa ya reli iliyoanza kazi ziwani katika miaka ya 1960, haikuweza kuja gatini kwa pupa. Tuseme meli yenye tungamo la tani 1,000 inaikaribia gati ya Kisumu kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu atembeaye kwa haraka. Nishati yake ni jouli 2,000,000. Nahodha asiyeanza kuilipa mapema atalipa kwa gati na kwa ubavu wa meli. Hakuna nahodha mwenye akili asemaye kwamba gati iligongwa kwa kuwa ajali haina kinga. Basi kwa nini tunayakubali barabarani maneno tusiyoyakubali bandarini?

Sasa tuitazame nishati yenyewe jinsi ipatikanavyo. Nishati ya mwendo wa kitu ni nusu ya tungamo lake mara mraba wa kasi yake. Katika sentensi hiyo neno la kupimwa kwa makini ni mraba. Ndilo neno ambalo wanafunzi hulikariri, hulitahiniwa na kulisahau. Nalo ndilo lililobeba uhai na mauti ya abiria.

Chukua matatu iliyojaa watu na mizigo, yenye tungamo la kilogramu 3,000. Ikienda kwa mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, nishati yake ni jouli 150,000. Ikienda kwa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, nishati ni jouli 600,000. Ikienda kwa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, nishati ni jouli 1,350,000. Zitazame namba hizo tena. Kasi imeongezeka mara mbili, nishati imeongezeka mara nne. Kasi imeongezeka mara tatu, nishati imeongezeka mara tisa.

Au zitazame kwa njia nyingine. Mita 10 za kwanza katika kila sekunde ziligharimu jouli 150,000. Mita 10 za pili ziligharimu jouli 450,000. Mita 10 za tatu ziligharimu jouli 750,000. Bidhaa ni ileile, kipimo ni kilekile, lakini bei ya kwanza ni moja, ya pili ni tatu, na ya tatu ni tano. Mfanyabiashara gani wa Kibuye angenunua hivyo bila kuuliza? Walakini dereva aongezaye mwendo hununua hivyo kila siku, na abiria walioketi nyuma yake ndio wadhamini wa deni.

Tujaribu sasa kulilipa deni kwa breki. Kani ya kusimamisha gari haitoki katika mguu wa dereva; hutoka mahali magurudumu yanapogusa lami, nayo ina mpaka wake. Kwa matatu yetu, juu ya lami kavu, tuseme kani hiyo ni nyutoni 20,000. Gawanya nishati kwa kani, upate umbali. Kwa mwendo wa kwanza gari litasimama baada ya mita 7.5. Kwa mwendo wa pili litasimama baada ya mita 30. Kwa mwendo wa tatu litahitaji mita 67.5.

Hapa simama kidogo, msomaji, ufikiri pamoja nami. Matatu mbili zinapita katika tambarare ya Kano, kutoka Ahero kwenda Kisumu, moja kwa kilomita 72 kwa saa na nyingine kwa kilomita 108. Mtoto anaingia barabarani mita 31 mbele yao. Madereva wote wawili wanakanyaga breki mahali pamoja. Ile ya kwanza inasimama mbele ya mtoto, na imebaki mita moja. Ya pili je? Katika mita 30 breki zake zimefanya kazi ya jouli 600,000, sawasawa na za mwenzake. Lakini ilikuwa na jouli 1,350,000. Zimesalia 750,000. Geuza nishati hiyo kuwa kasi, utapata mita zaidi ya 22 kwa sekunde, yaani zaidi kidogo ya kilomita 80 kwa saa. Mahali ambapo gari la kwanza limesimama kimya, la pili bado linakwenda kwa kasi iliyozidi ile ya kwanza kabla ya kushika breki. Mtoto hagongwi na ziada ndogo. Hagongwi na tofauti ya 108 na 72. Hugongwa na karibu kilomita 80 kwa saa.

Na hata hivyo nimewahurumia madereva. Nimesema kwamba wote wawili walikanyaga breki pale pale. Lakini jicho huona, akili hutambua, ndipo mguu hutii, na katika shughuli hiyo sekunde moja hupita kwa wepesi. Katika sekunde hiyo gari la kwanza limekwenda mita 20, la pili mita 30. Ukiiingiza sekunde hiyo katika hesabu, utaona kwamba mahali gari la kwanza linaposimama, la pili linapita kwa kilomita 90 kwa saa. Na mvua ikinyesha, kama inyeshavyo mara nyingi kandokando ya ziwa wakati wa alasiri, lami hulowa na kani hupungua. Ikipungua ikawa nusu, umbali wa breki huongezeka mara mbili: mita 60 kwa gari la kwanza, mita 135 kwa la pili. Anayeendesha penye mvua kama aendeshavyo penye jua amekopa maradufu kwa mshahara uleule.

Huenda ukaniambia kuwa mraba huo ni hila ya vitabu. Sivyo. Ulipiganiwa na wataalamu kwa miaka mingi kabla haujaingia katika vitabu. Mwaka 1686 Mjerumani Leibniz aliandika kwamba nguvu ya kitu kiendacho hupimwa kwa mraba wa kasi yake, na wengi wakampinga, wakidai kwamba kasi yenyewe yatosha. Mnamo miaka ya 1720 Mholanzi Willem 's Gravesande aliangusha tufe za shaba juu ya udongo laini, akapima mashimo yaliyoachwa. Kasi ilipokuwa maradufu, shimo halikuwa maradufu. Lilionyesha mara nne. Mwanamke wa Kifaransa, Émilie du Châtelet, aliyaeleza na kuyatetea matokeo hayo katika kitabu chake cha fizikia cha mwaka 1740. Udongo ndio uliokata shauri.

Udongo huo huo unao. Wafinyanzi wa kandokando ya ziwa wameutumia kwa vyungu tangu zamani. Uchukue, ulainishe, ulitandaze tabaka nene, kisha angusha juu yake gololi ya chuma kutoka urefu wa mita moja. Nenda ghorofani uiangushe tena kutoka urefu wa mita nne. Iliyotoka mita nne hufika chini kwa kasi maradufu ya ile ya kwanza. Yajaze mashimo yote mawili maji kwa matone ukihesabu, ulinganishe. Hapana haja ya maabara ya fedha nyingi, wala ya mashine kutoka ng'ambo. Baada ya hapo hutahitaji kukariri neno mraba. Utakuwa umeliona kwa macho yako.

Nageukia sasa mteremko, kwa sababu Kisumu imejengwa chini ya vilima, na barabara kadhaa huiingia zikiteremka. Ziwa liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Nyanda za Kakamega, Nandi na Kericho ziko juu zaidi. Gari lishukalo husukumwa na mvuto wa dunia bila kuagizwa. Matatu yetu ya kilogramu 3,000 ikishuka mita 100 za wima, dunia huifanyia kazi ya jouli 3,000,000. Dereva akitaka kasi isibadilike, basi badiliko la nishati ya mwendo ni sifuri, na breki pamoja na injini hazina budi kufanya kazi ya kupinga ya jouli 3,000,000 zile zile. Nishati hiyo hugeuka joto. Ni joto la kutosha kuchemsha maji ya kawaida yapata lita 9. Breki zikibebeshwa joto lote hilo peke yake huchoka na kulegea, na ndiyo sababu madereva wa zamani walifundishwa kuteremka kwa gia ndogo. Ikiwa hakuna kitu cha kuizuia, mita 100 hizo zingelipa gari kasi ya kilomita 160 kwa saa. Hata mjinga wa hesabu haulizi tena hatari inatoka wapi.

Tarehe 8 Agosti 2025 basi lililobeba waombolezaji waliokuwa wakirudi kutoka mazishini lilipinduka katika mzunguko wa barabara wa Coptic, Mamboleo, mlangoni mwa Kisumu, na watu zaidi ya 20 wakafa. Walikwenda kumzika mtu mmoja, wakazikwa wengi. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori liliacha njia likaingia katika watu na magari kando ya barabara, na zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Sababu za kila mkasa ni kazi ya wachunguzi, wala simhukumu mtu ambaye mahakama haijamhukumu. Lakini jambo moja halihitaji uchunguzi: kila chombo kilichofika mahali hapo kilifika na jouli ambazo hazikuwa zimelipwa, na deni likatozwa kwa miili ya watu. Nchini Kenya, katika mwaka 2023 na tena mwaka 2024, watu zaidi ya 4,000 walikufa barabarani kila mwaka. Methali moja haitoshi kuwa jibu kwa makaburi mengi kiasi hicho.

Sasa nawasikia wapinzani wangu, nami sitawanyima nafasi.

Wa kwanza asema: tunakimbilia riziki, na wakati ni mali. Vema, tuupime wakati. Kutoka Ahero mpaka Kisumu ni kiasi cha kilomita 24. Kwa kilomita 72 kwa saa ni dakika 20. Kwa kilomita 108 kwa saa ni dakika 13 na sekunde 20. Faida yote ni dakika 6 na sekunde 40, nazo aghalabu hupotea katika kungoja abiria Kondele. Kwa faida hiyo dereva amezidisha nishati ya gari mara mbili na robo. Kama wakati ni mali, basi hii ni biashara ya kuuza ng'ombe kwa bei ya kamba yake.

Wa pili asema: mimi ni dereva stadi, nimeendesha miaka 20, gari halinishindi. Ustadi ni jambo jema. Ustadi huona mapema, hujihadhari, hupunguza mwendo. Lakini ustadi hauongezi hata nyutoni moja katika mshiko wa gurudumu na lami, wala haupunguzi hata jouli moja katika nishati iliyokwisha kununuliwa. Mbele ya mraba wa kasi, stadi na mwanagenzi ni sawa. Tena stadi wa kweli ndiye aendaye polepole, maana ndiye ajuaye asichoweza.

Wa tatu asema: lawama ni ya serikali, ya polisi, ya barabara mbovu, na ya wenye magari wadaio fedha zao kila jioni bila kujali zilivyopatikana. Ninakubaliana naye, wala simwondolei lawama yeyote kati ya hao. Sheria tunazo. Kanuni zilizoanza kutekelezwa mwezi wa Februari 2004, wakati John Michuki alipokuwa waziri wa uchukuzi, ziliagiza vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mikanda ya usalama katika magari ya abiria. Sheria hiyo ilikuwa hesabu ya fizikia iliyovaa joho la mahakama. Kila kidhibiti kinachofunguliwa kwa siri, na kila rushwa ndogo inayopokewa kizuizini, ni ruhusa ya kuzidisha jouli. Askari aweza kuhongwa, mraba hauhongeki.

Wa nne ndiye mgumu kuliko wote, kwa kuwa huja na uso wa ibada. Yeye asema: yote yamepangwa na Mungu. Sina ugomvi na imani yake. Namwuliza tu: je, mkanda wa usalama haukupangwa? Akili iliyoweza kuupima mwendo haikupangwa? Mtu akijitupa ziwani asijue kuogelea, tutasema alikuwa mcha Mungu kuliko mvuvi ashikaye kasia? Kumsingizia Mungu kazi ya mguu wetu ni utovu wa adabu, si unyenyekevu.

Kwa kuwa nimeutaja mkanda, acha nao uingie katika hesabu. Abiria wa kilogramu 60 katika gari liendalo kwa mita 20 kwa sekunde ana nishati yake mwenyewe ya jouli 12,000. Ni sawa na nishati ya mtu aliyeanguka kutoka urefu wa mita 20, kilele cha mnazi mrefu wa pwani. Gari likigonga na kusimama ghafula, nishati hiyo sharti iondolewe. Akiwa amefunga mkanda, naye akasimamishwa katika umbali wa sentimita 60 kwa kujikunja kwa gari na kunyumbuka kwa mkanda, kani impatayo ni nyutoni 20,000. Ni kali, lakini wengi huishi. Asipofunga, naye akasimamishwa na chuma katika umbali wa sentimita 5, kani ni nyutoni 240,000. Kazi ni ileile. Umbali ulipopungua, kani iliongezeka mara 12. Hiyo ndiyo kinga ambayo methali inasema haipo. Imening'inia begani mwako, na mara nyingi umeikalia.

Kofia ngumu ya boda-boda hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Zamani boda-boda za Kisumu zilikuwa baiskeli, na mwendo wake ulikuwa mdogo. Siku hizi nyingi ni pikipiki, na mtu yuleyule aliyekuwa akipelekwa kwa jasho la mwenzake sasa anapelekwa kwa petroli, kwa kasi mara tatu au nne. Mwanafunzi wa hesabu anajua kwamba hatari haikuongezeka mara tatu au nne, bali mara 9 au 16. Ile kofia, kwa sentimita mbili tatu za sponji ngumu iliyomo ndani yake, hulipa fuvu la kichwa umbali wa kusimamia. Anayeitundika kwenye usukani ili kuwaridhisha polisi amekilinda kipande cha chuma, akaacha ubongo wazi.

Nami kama mwalimu nina neno la kusema juu ya shule zetu. Mahali pengi somo hili hufundishwa kama wimbo wa maneno yasiyo na mwili. Ubao huandikwa, daftari hunakiliwa, na mtihani huuliza juu ya kitu kisicho na jina kilichoko juu ya sakafu isiyo na msuguano. Mwanafunzi hupata alama zake, hufunga kitabu, hutoka shuleni siku ya kufunga muhula, hupanda matatu iliyojaa watu kupita kiasi, na kumshangilia dereva apitaye mengine. Katika saa moja amefaulu mtihani na kuikana elimu. Elimu ya namna hiyo ni taa iliyowashwa ikafunikwa chungu. Namtaka kila mwalimu wa fizikia katika nchi hii aondoe kile kitu kisicho na jina, aweke mahali pake matatu, mteremko, mvua na mtoto avukaye barabara. Namtaka mtahini aulize: gari hili litasimama kabla ya kumfikia mtoto, au la? Swali hilo lina jibu moja tu lililo sahihi, na kila mtu darasani atajua kwa nini liliulizwa.

Na wewe, msomaji, usidhani kwamba kazi yako ni kusoma tu. Una kinywa. Kijana mmoja akisema ndani ya gari, kwa adabu, "Mzee, tafadhali punguza mwendo," huenda akachekwa. Wawili wakisema, watanung'unikiwa. Abiria wote wakisema, dereva atapunguza, kwa sababu nauli yake imo mifukoni mwao. Sema, basi, hata kama utakuwa wa kwanza na wa pekee. Kaa mahali penye mkanda na uufunge. Usipande boda-boda isiyo na kofia ya pili. Na ukija siku moja kuwa dereva, mhandisi, askari, diwani au mwenye gari, ukumbuke kwamba daftari la jouli hukaguliwa mahali pa mgongano, na mkaguzi wake hapokei udhuru.

Wahenga hao hao waliotuachia methali ya ajali walituachia na nyingine: Polepole ndio mwendo. Kwa muda mrefu tumeichagua ile ya kwanza penye msiba, na kuisahau hii ya pili penye safari. Ifaa tuzipange upya. Ya pili itangulie, isemwe garini wakati injini inapowashwa. Na ya kwanza, kila tutakapolazimika kuisema, isemwe kando ya kitanda cha mzee aliyezimaliza siku zake kwa amani.